Mofini kwa saa zake: kumuuguza mwenye saratani nyumbani

Mimi ni muuguzi, nazunguka kwa baiskeli Makorora, Mikanjuni na Duga, hapa Tanga, kuwaona wagonjwa wa saratani. Nikishaamkia wazee, nauliza dawa iko wapi. Mara nyingi chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu, naikuta imejaa, juu ya kabati. "Tunamtunzia, nesi, akizidiwa ndiyo tumpe."

Ndugu zangu, msimtunzie. Mofini ya maji hutuliza kwa muda wa saa nne hivi. Ukingoja mpaka alie, maumivu yameshapanda, na kuyashusha ni kazi. Shirika la Afya Duniani limeshikilia jambo hili tangu 1986: dawa itolewe kwa saa zake. Ratiba ninayowabandikia ukutani ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Ile ya mwisho madaktari wengi huiandika mara mbili ili mgonjwa alale asiamshwe saa 8 usiku, lakini usiiongeze bila kuandikiwa. Maumivu yakichomoza katikati kuna dozi ya ziada, nayo iandikwe na daktari. Pimeni kwa sirinji isiyo na sindano, si kijiko cha chai, na kila chupa mpya msome nguvu yake, maana hazilingani.

Bibi zetu hujikaza. Atasema "sijambo mwanangu" huku amekunja uso. Mwombe aoneshe kwa vidole: ngumi hakuna maumivu, vidole vitano hayavumiliki. Andika daftarini pamoja na saa, daktari aone dozi inatosha au la.

Usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili au sena, ianze siku moja na mofini. Papai na maji ya dafu vinasaidia, ila havitoshi peke yake.

Wengine wanaogopa atakuwa teja. Anayetumia kwa maumivu, kwa kipimo alichoandikiwa, ni nadra sana kufika huko. Mwili huizoea, ndiyo sababu haikatishwi ghafla, lakini huo si uteja.

Mzee aking'ang'ania kufunga Ramadhani, mwite shehe amkumbushe kwamba mgonjwa ana ruhusa. Akishikilia, daktari apange dawa upya kabla ya mwezi kuandama.

Maumivu ya mifupa yasiyotulia, ulizieni mionzi Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam; hata pale saratani isipopona, mionzi huyapunguza. Akiwa haamshiki au anapumua polepole mno, msimpe dozi nyingine, mkimbizeni hospitali. Vilevile mgongo ukiuma na miguu ikaanza kulegea au mkojo kukataa, msingoje kesho.

Chupa ifungiwe mbali na watoto. Ikibaki dawa ya siku tatu, mmoja wenu afuate nyingine, hasa kabla ya sikukuu.