Kupima maoni ya wananchi: umuulize nani, na umuulizeje

Watu wazima 1,200 wanatosha kuwakilisha Tanzania, nchi yenye watu milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, mradi wapatikane kwa nasibu, yaani kwa bahati bila kupendelea yeyote. Hapo kiwango cha makosa ni takriban asilimia 3 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Kukishusha hadi 2 kunahitaji watu 2,400. Fedha ikibaki, ni heri iende kwenye mafunzo ya wadadisi.

Anza na orodha ya maeneo ya kuhesabia watu kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Gawa sampuli kwa mikoa, mijini na vijijini, kulingana na idadi ya watu, kisha chagua maeneo 150 na uhoji watu 8 kila eneo. Huo ndio mtindo wa Afrobarometer, mtandao unaopima maoni ya wananchi barani Afrika. Usichukue maeneo 30 ya watu 40 kwa sababu nauli ni nafuu: majirani wanachota kisima kimoja na kero zao zinafanana, hivyo watu 40 wa kijiji kimoja hawakuambii mengi kuliko 8.

Zanzibar ni kama asilimia 3 ya Watanzania, yaani watu 37 tu katika 1,200. Huwezi kuisemea kwa idadi hiyo. Ongeza wahojiwa huko, kisha urekebishe uzito wao wakati wa kujumlisha majibu ya nchi nzima, ili wahesabike kwa sehemu yao halisi ya watu wote.

Kosa kubwa hutokea mlangoni. Mdadisi akimhoji aliyemkuta nyumbani, atakosa bodaboda, mama wa sokoni na kibarua wa shambani. Aorodheshe wenye miaka 18 na zaidi katika kaya, achague mmoja kwa kura au kwa kishikwambi, na asipomkuta arudi baadaye. Akikosekana kabisa, abadilishe kaya. Asimchukue ndugu yake. Mwenyekiti wa kitongoji akitaka kuwapeleka kwa “wanaojua kujieleza”, mshukuruni na mfuate utaratibu wenu.

Swali la kero liwe wazi: “Kwa maoni yako, ni matatizo gani makubwa yanayoikabili nchi hii ambayo serikali inapaswa kuyashughulikia?” Pokea hadi majibu matatu, wala usisome orodha, maana ukitaja maji kila mtu atasema maji. Andika maneno yake mwenyewe. Anayesema “maisha magumu” aulizwe “kwa vipi?”, kwani anaweza kumaanisha bei ya unga, ajira au mkopo.

Kuhusu siku zijazo, weka muda: “Miezi 12 kuanzia sasa, hali ya uchumi wa nchi itakuwa bora zaidi, vilevile, au mbaya zaidi?” Tangulia kuuliza hali ya sasa. “Sijui” ni jibu halali, ila lisisomwe. Majibu haya yanapima matumaini ya watu. Usiyatangaze kama utabiri. Ili kuona mwelekeo, awamu zote zitumie maneno yaleyale, mpangilio uleule na msimu uleule. Kero ya njaa kabla ya mavuno huwa tofauti kabisa na baada yake.

Malizia kwa kuuliza: “Unadhani nani ametutuma?” Wengi hutaja serikali hata baada ya kuelezwa vinginevyo. Linganisha majibu yao na ya wengine kwenye maswali ya kuridhika na viongozi. Tofauti ikiwa kubwa, iandike kwenye ripoti.