Soda ya tangawizi ya hamira: jinsi ya kuitengeneza bila chupa kupasuka

Maelekezo mengi yanasema tu "iache siku mbili" na hapo ndo chupa zinapasukia watu, maana Dar mwezi wa pili na Arusha mwezi wa saba hamira haiendi spidi moja.

Tafuta chupa ya plastiki iliyokuwa na soda, ya maji ya kunywa ni laini haikutengenezwa kwa ajili ya gesi, na ya kioo usiguse kabisa, ikipasuka vipande vinaruka mpaka machoni.

Twanga tangawizi, chemsha na sukari gramu 100 hivi kwa kila lita ya maji, chuja, kamulia ndimu. Iache ipoe kabisa, ikiwa ya moto inaua hamira. Mimina kwenye chupa ubakishe nafasi ya vidole vitatu juu, tia hamira ya chenga robo kijiko cha chai, funga kifuniko kikaze.

Sasa hamira inakula sukari inatoa kaboni dayoksaidi, gesi haina pa kutokea so presha inapanda, na presha ikipanda gesi inazidi kuyeyuka kwenye maji, hiyo ndo kanuni aliyoitoa William Henry wa Uingereza 1803.

Asubuhi na jioni bonyeza chupa ubavuni kwa dole gumba. Likizama bado, likigoma kabisa kama chupa mpya ya dukani iweke kwenye friji saa hiyo hiyo, hata kama ni siku moja tu imepita. Usipuuze hapa jamani! Soda ya dukani lita moja imebeba gesi kama lita 3 au 4, wakati ile sukari gramu 100 ikichachuka yote inaweza kutoa zaidi ya lita 20.

Baridi inaipunguza nguvu hamira, alafu maji ya nyuzi 0 yanashika gesi karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 20, kwa hiyo ilaze usiku mzima ndo ufungue, taratibu, povu likipanda funga kwanza usubiri.

Kuna kilevi kidogo kinatokea humo, wasiotumia wajue.

Ikibaki usiiminye chupa kutoa hewa, itajivuta irudi na gesi itatoka kwenye soda kujaza ile nafasi. Hamishia chupa ndogo ijae, rudisha kwenye friji.