Mshahara wa nusu siku na biashara yako mwenyewe: namna ya kuihesabu kodi kwa wakazi wa Mtwara na Lindi

Katika miji yetu ya kusini wapo watu wengi ambao siku yao imegawanyika mara mbili. Asubuhi wapo kwa mwajiri, iwe ni shule binafsi, duka la dawa au ofisi ya ushirika, na mchana wanarudi kwenye shughuli yao wenyewe: cherehani mbili pale Chikongola, uuzaji wa samaki Mikindani, ukaangaji na ufungashaji wa korosho nyumbani. Mimi huwasaidia watu wa aina hii kutunza hesabu, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote huanza na maneno mawili yaliyo ya kweli: mshahara umeshakatwa kodi na mwajiri, na biashara ni ndogo. Kutokana na maneno hayo mtu huamini kwamba hana deni lolote, na imani hiyo ndiyo inayomgharimu.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiangalii mshahara peke yake na biashara peke yake. Humwangalia mtu mmoja kwa mwaka mzima, kuanzia Januari hadi Desemba, na hujumlisha alichopata katika ajira na faida aliyopata katika biashara, kisha kodi hutozwa juu ya jumla hiyo. Alichokata mwajiri kila mwezi, kile ambacho kwenye hati ya mshahara huandikwa PAYE, ni malipo ya awali tu ambayo baadaye hutolewa kwenye kodi ya mwaka.

Hapa pana jambo ambalo hata watu wenye uzoefu wa biashara hulipita bila kuliona. Utaratibu maalumu wa wafanyabiashara wadogo, ule wa kulipa kodi kwa kufuata mauzo ya mwaka pale yasipozidi shilingi milioni 100, umewekwa kwa mtu binafsi ambaye mapato yake ya mwaka yanatokana na biashara pekee. Ukiwa na mshahara, hata wa nusu siku, sharti hilo la "pekee" hulitimizi. Kwa hiyo jirani yako wa sokoni mwenye mauzo sawa na yako anaweza kulipa kiasi kingine kabisa, na ukimuuliza yeye akupe mfano wa kufuata, atakupotosha bila kukusudia.

Tuchukue mfano wa mama anayetunza vitabu vya mapato na matumizi vya shule mjini Mtwara kwa nusu siku, akilipwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Anachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10, yaani shilingi 40,000, na mchango huo hutolewa kabla ya kodi, kwa hiyo zinazobaki kutozwa ni 360,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi, na zinazofuata hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Mwajiri atamkata shilingi 7,200 kwa mwezi, sawa na 86,400 kwa mwaka. Mchana mama huyu hununua korosho zilizobanguliwa kutoka kwa kikundi cha akina mama, anazikaanga, anazifungasha na kuziuza. Mauzo yake ya mwaka ni shilingi 9,000,000, gharama zake ni 5,400,000, na faida ni 3,600,000.

Akiihesabu biashara kivyake, atatoa kiwango kisichotozwa cha mwaka, shilingi 3,240,000, atabaki na 360,000, na kwa asilimia 8 atajiona anadaiwa shilingi 28,800 tu. Lakini kiwango hicho amekwisha kukitumia kwenye mshahara, nacho hakitumiki mara mbili. Hesabu iliyo sahihi huanza na kujumlisha: mshahara wa mwaka baada ya mchango wa NSSF ni 4,320,000, ukiongeza faida ya 3,600,000 jumla ni 7,920,000. Kwa mapato ya mwaka yaliyo kati ya 6,240,000 na 9,120,000, kodi ni shilingi 240,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 6,240,000. Kinachozidi ni 1,680,000, asilimia 20 yake ni 336,000, na kodi ya mwaka ni 576,000. Ukitoa 86,400 zilizokwisha kukatwa kazini, deni lake ni shilingi 489,600. Tofauti kati ya 28,800 na 489,600 ni mtaji wa msimu mzima kwa biashara ya ukubwa huu, na ninawaomba wasomaji wairudie hesabu hii kwa kalamu na karatasi, wakiweka takwimu zao wenyewe.

Namba ya mlipakodi, TIN, mtu huwa nayo moja maisha yake yote. Ikiwa yako ilitolewa kwa ajili ya ajira au leseni ya udereva, usiombe nyingine. Nenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, ya mkoa ukiwa na kitambulisho cha Taifa na uombe shughuli yako ya biashara iongezwe kwenye namba hiyo hiyo. Huduma hii hailipiwi.

Baada ya hapo unawasilisha makadirio ya mapato ya mwaka kabla ya Machi kwisha, na kodi uliyoikadiria unailipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, mwisho wa Juni, mwisho wa Septemba na mwisho wa Desemba. Kwa mama wa mfano wetu kila awamu ni shilingi 122,400. Tarehe hizi haziendani vizuri na mzunguko wa fedha wa kusini. Fedha za korosho huingia minada inapoanza Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka, na kila anayeuza nguo, chakula au vifaa vya ujenzi Newala, Tandahimba au Ruangwa anajua kwamba ifikapo Juni mifuko ya wateja imekauka. Ushauri wangu ni kutenga fedha za awamu za Machi na Juni wakati wa mavuno, katika akaunti ambayo huigusi. Makadirio yanaweza kurekebishwa katikati ya mwaka biashara ikibadilika, na ni afadhali kurekebisha mapema kuliko kukadiria chini mno na kutozwa riba.

Mwaka ukiisha, ritani ya mapato, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka mzima, huwasilishwa ndani ya miezi sita, yaani hadi 30 Juni. Mtu mwenye ajira pekee ambaye mwajiri wake hukata kodi hahitaji kuwasilisha ritani hii. Wewe mwenye biashara unahitaji, na kukaa kimya huzaa adhabu ya kila mwezi.

Ninakawia kidogo kwenye kumbukumbu kwa sababu faida haithibitishwi kwa maneno. Gharama inayokubalika ni ile iliyotumika kwa ajili ya biashara na yenye ushahidi. Mchele wa nyumbani na ada ya mtoto havimo, hata kama vililipwa kutoka kwenye droo moja. Risiti za EFD, mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti, huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto. Nimewahi kufungua bahasha iliyokaa juu ya kabati la bati tangu msimu uliopita na kukuta vipande vyeupe visivyo na hata tarakimu moja, na gharama zile hatukuweza kuzidai. Tangu hapo nawaelekeza watu wazipige picha siku ile ile na kuandika tarehe, muuzaji na kiasi kwenye daftari. Kumbukumbu zote zihifadhiwe kwa miaka 5. Tumia laini tofauti ya simu kwa malipo ya biashara, kwa kuwa kuchambua miamala ya mwaka mzima iliyochanganyika na ya ndugu ni kazi ya wiki nzima. Mauzo yakifika shilingi milioni 11 kwa mwaka, wewe mwenyewe unapaswa kuwa na mashine ya kutolea risiti. Nao wanaonunua korosho kwa kangomba, yaani moja kwa moja kwa mkulima nje ya mnada, wakumbuke kwamba, mbali na kuwa ni kinyume cha utaratibu na ni dhuluma kwa mkulima, manunuzi hayo hayana karatasi, kwa hiyo hayaingii kwenye gharama.

Dai pia kodi ya zuio, ile anayoikata mteja kabla ya kukulipa. Ukiiuzia bidhaa taasisi ya serikali hukatwa asilimia 2 ya malipo, na ukitoa huduma za kitaalamu kwa kampuni hukatwa asilimia 5. Omba cheti kila unapokatwa, kwa sababu kiasi hicho hupunguzwa kwenye deni lako kama inavyopunguzwa kodi ya mshahara.

Kwa upande wa ajira, omba cheti cha kodi iliyokatwa mwaka mzima mara Januari inapoingia. Mwajiri wangu mmoja wa zamani alikuwa akikata kila mwezi na kuniahidi karatasi "wiki ijayo", hadi Juni ikafika nikiwa na hati za mshahara za miezi minne tu. Nililazimika kufuatilia taarifa za benki ili kuonyesha mshahara uliokuwa ukiingia ukiwa umekwisha kukatwa. Siku hizi ninachukua hati ya kila mwezi mkononi kabla sijatoka ofisini, na naiweka kwenye jalada moja na vyeti vya zuio, daftari la biashara na stakabadhi za awamu nne. Jalada hilo ndilo unaloingia nalo kwa ofisa wa TRA mwezi Mei, wakati foleni bado ni fupi na bado kuna muda wa kutafuta karatasi iliyopungua.