Jinsi ya kusoma pepa ya uchumi wa nishati: mfano wa stima ya Busia na Siaya

Wanafunzi wengi wakipewa pepa ya nishati wanasoma muhtasari na hitimisho alafu wanakimbia kuandika "kulingana na utafiti". Jameni msifanye hivyo. Kwa pepa za aina hii mambo yote yako kwa majedwali ya bei na gharama, na hapo ndipo utapata hata pa kubishana na profesa.

Tuchukue kazi ya Catherine Wolfram, profesa wa uchumi aliyefundisha chuo cha Berkeley, Marekani, miaka mingi kabla ya kuhamia MIT, aliyoifanya na Kenneth Lee na Edward Miguel. Ilichapishwa Journal of Political Economy 2020. Kama jarida linakuitisha pesa, toleo la awali liko NBER, shirika la utafiti wa uchumi la Marekani, tangu 2016, lisome hilo upate picha ila namba za kunukuu zichukue kwa la 2020.

Anza kwa kuandika swali la pepa kwa sentensi moja, kwa maneno yako. Hapa ni hivi: mtu ambaye transfoma iko karibu na boma lake lakini hana stima, yuko tayari kulipa ngapi aunganishwe, na kumuunganisha kunagharimu ngapi? Ukishindwa kuiandika rudi kwa utangulizi, usisonge mbele.

Alafu uliza nani amelinganishwa na nani. Walichukua jamii 150 za vijijini Busia na Siaya, magharibi mwa Kenya, kila moja na transfoma yake, punguzo likagawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakabaki na bei ya kawaida ya kuunganishwa wakati huo, shilingi 35,000, wengine 25,000, wengine 15,000, wengine bure kabisa. Kwa vile ni bahati nasibu huwezi kusema waliopewa bei ya chini walikuwa na hela zaidi tangu mwanzo.

Sasa shika kalamu uchore mwenyewe, bei kwa mstari wa wima, asilimia ya waliokubali kwa ule wa kulala. Bure, karibu wote. 15,000, kama robo hivi. 35,000, hata wawili kwa mia hawafiki. Ukishachora utaona kitu ambacho ukisoma tu kinakupita: kati ya sufuri na 15,000 hakuna bei nyingine iliyojaribiwa, na ndipo wateja wengi wako! Kwa hivyo umbo la mstari pale katikati ni dhana, na hesabu ya faida ya watumiaji, yaani tofauti ya kile mtu yuko tayari kulipa na kile analipa, inategemea sana hiyo dhana. Swali zuri la semina ni hilo.

Upande wa gharama angalia inavyoshuka majirani wakiunganishwa pamoja, manake nguzo na nyaya wanagawana. Lakini hata wote wakiunganishwa, kila nyumba inagharimu kama dola 658, na faida ya watumiaji inayosomeka kwa mchoro wa bei ni kama dola 147 kwa kila nyumba.

Hapa ndipo watu wanaharibu kabisa, wanaandika eti watu wa kijijini hawataki stima. Hapana! Kilichopimwa ni pesa mtu anaweza kutoa, na mama mwenye mashamba mawili na mbuzi anaweza kuitaka stima kuliko mtu wa mjini na bado asiwe na 15,000 ya kutoa mara moja. Waandishi wenyewe wanataja shida ya mikopo, stima kupotea potea na kuunganishwa kwa kuchelewa, hizo kurasa msiziruke. Ni muhimu kwetu kwa sababu 15,000 ndiyo bei serikali ilitangaza 2015 kwa Last Mile, mpango wake wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma.

Angalia pia muda. Walipowarudia, kama miezi 16 alafu tena kama miezi 32 baada ya kuunganishwa, hawakuona mabadiliko makubwa ya kipato, afya wala masomo ya watoto. Ukinukuu hilo taja na muda wake, na usome jedwali la vifaa vya umeme ambavyo watu walikuwa navyo, kwa sababu balbu na chaji ya simu peke yake hazifungui kinu cha kusaga.

Viambatisho visome mwisho, ukianzia maswali waliyouliza nyumbani kwa watu.