Somo: Kanuni moja fupi, mizunguko na vurugu ndani yake

Kanuni yetu ni hii: x mpya = r × x × (1 − x). Mwanaikolojia Robert May aliiandikia makala mwaka 1976 kuonyesha jinsi idadi ya viumbe inavyoweza kupanda na kushuka kizazi hadi kizazi. X ni idadi hiyo kama sehemu ya kiwango cha juu kabisa, kati ya 0 na 1, na r inabeba kasi ya kuzaliana. Bahati nasibu haimo hata chembe. Shika hilo, maana mbele macho yatakudanganya.

Hatua ya 1. Fungua Excel. B1 weka r, anza na 2.8. A1 weka 0.3. A2 andika =$B$1*A1*(1-A1), kisha buruta hadi mstari wa 200. Namba zitayumba kidogo halafu zitatulia kwenye 0.6429. Badilisha A1 iwe 0.1 au 0.9, zitarudi palepale.

Hatua ya 2. Weka r = 3.2. Sasa namba mbili zinapokezana: 0.5130 na 0.7995. Kwa 3.5 zinakuwa nne: 0.8750, 0.3828, 0.8269, 0.5009, kisha mwanzo tena. Pandisha r taratibu, nne zitakuwa nane, nane kumi na sita, na kila mgawanyiko huwahi kuliko uliotangulia. Mwaka 1975 mwanafizikia Mitchell Feigenbaum, akiwa na kikokotoo cha mkononi, aliona kwamba nafasi kati ya migawanyiko hiyo hupungua kwa uwiano unaokaribia 4.669. Uwiano huohuo unajitokeza kwenye kanuni nyingine nyingi zisizofanana na hii! Kwangu hakuna kinachozidi hapo kwa uzuri.

Hatua ya 3. Baada ya 3.57 hivi vurugu inaanza: namba hazitulii kwenye mzunguko wowote. Weka r = 4, rudisha A1 iwe 0.3, kisha C1 weka 0.301 na C2 andika =$B$1*C1*(1-C1), uburute. Mstari wa 2 safu zinakaribiana: 0.8400 na 0.8416. Mstari wa 11 ni 0.0434 kwa 0.6202.

Hatua ya 4. Rudisha r hadi 3.83. Katikati ya vurugu unakuta mzunguko safi wa namba tatu: 0.156, 0.505, 0.957.

Maswali ya wanachama

*Nimeweka r = 4 nikaanza na 0.5, nikapata 1 halafu sifuri tupu. Nimekosea wapi?*

Hujakosea. 4 × 0.5 × 0.5 ni 1, na 1 − 1 inaua kila kinachofuata. 0.75 nayo hujirudia milele. Lakini namba hizi hazishikiki: weka 0.7501 uone inavyotoroka.

*Mwalimu, kompyuta na simu vinakubaliana mwanzoni, baadaye kila kimoja na lake. Kipi sahihi?*

Huko mbele, hakuna. Mashine hukata tarakimu, na kwa r = 4 kosa hilo hukua maradufu kila hatua kwa wastani. Tarakimu 15 au 16 za kompyuta zinamalizika kwenye hatua ya hamsini hivi. Kwa r = 4, D1 weka namba ileile ya A1, D2 andika =$B$1*D1-$B$1*D1^2, uburute. Kihesabu ni kanuni ileile, ila safu A na D zitaachana.

*Basi hakuna kinachotabirika?*

Kipo. Kwa r = 4, buruta hadi namba elfu kadhaa, zigawe katika mafungu kumi kati ya 0 na 1, uchore grafu ya nguzo. Nguzo za pembeni zitakuwa ndefu, za katikati fupi, na umbo litakuwa karibu lilelile, uanze na 0.3 au 0.301.