Namna ya Kumchora Serafi kwa Herufi za Kiebrania

Kabla ya kushika penseli, soma polepole mistari saba ya mwanzo ya Isaya sura ya 6, kwa sababu wachoraji wengi humfuata malaika wa kadi za Krismasi na kuyaacha maandiko yenyewe. Neno la Kiebrania malakh maana yake ni mjumbe, na wale waliomtembelea Abrahamu katika Mwanzo 18 walionekana kama watu watatu, wala hawatajwi kuwa na mabawa. Serafi ni kiumbe mwingine: jina lake linahusiana na kitenzi cha kuunguza, naye ana mabawa sita, mawili ya kufunika uso, mawili ya kufunika miguu na mawili ya kurukia.

Kwa hiyo usichore uso. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote, maana mkono wa mchoraji hukimbilia macho kwanza; lakini ikiwa serafi mwenyewe anajisitiri mbele za Mungu, sisi hatuna haki ya kumfunua. Pitisha mstari wima katikati ya karatasi nzito, kisha chora kwa wepesi mabawa ya juu yakipishana mahali pa uso, ya kati yakiwa yamekunjuliwa, na ya chini yakishuka hadi kufunika miguu. Kitakachoonekana ni mkono, kwa kuwa mstari wa sita unasema mkononi mwake mlikuwa na kaa la moto alilolitwaa kwa koleo juu ya madhabahu.

Sasa jaza mabawa kwa maandishi madogo, kama waandishi wa Kiyahudi walivyofanya tangu enzi za kati walipopanga maelezo ya pembezoni mwa Biblia yakawa maumbo ya wanyama na mimea. Tumia neno kadosh, yaani mtakatifu, linaloandikwa קדוש kutoka kulia kwenda kushoto. Lifanyie mazoezi kwenye karatasi nyingine, na uiangalie sana herufi ya pili, dalet: kona yake ya juu kulia lazima iwe kali, kwani ikiviringika inakuwa resh, na neno linaharibika. Liandike mara tatu mfululizo, kama maserafi wanavyoitana katika mstari wa tatu wa sura ile, kisha uanze upya. Usiendelee na maneno yanayofuata katika mstari huo, kwa kuwa hapo lipo Jina la Mungu la herufi nne, ambalo Wayahudi hawalifuti wala hawalitupi likishaandikwa, na karatasi ya mazoezi huishia jalalani.

Fuata mkunjo wa kila unyoya kwa kalamu ya wino yenye ncha nyembamba, ukibananisha herufi karibu na bega na kuziachanisha kuelekea ncha, ili weupe wa karatasi uonekane kama mwanga. Rangi itie kwenye kaa peke yake, nyekundu iliyokolea pembeni na njano katikati. Acha wino ukauke usiku kucha, ndipo ufute mistari ya penseli kwa ufutio laini, ukianzia kwenye mabawa yanayofunika uso.