Mradi wa mwaka wa mwisho wa filamu fupi: panga kuanzia tarehe ya kukabidhi

Andika tarehe ya kukabidhi kwenye kalenda, kisha hesabu kurudi nyuma. Kwa filamu ya makala ya dakika 10 ndani ya muhula wa wiki 14, mgawanyo unaofaa ni huu: wiki 3 za utafiti na skripti, 3 za kurekodi, 5 za kuhariri, 1 ya sauti na rangi, 1 ya ripoti, na 1 isiyopangiwa kitu chochote. Ilinde sana hiyo ya mwisho. Diski ikifa au mhusika akiugua, ndiyo itakayokuokoa. Miradi mingi mizuri huharibika kwa sababu kurekodi kumeendelea hadi wiki ya 11, na uhariri ukabaki kazi ya usiku mbili tatu.

Kabla ya kugusa kamera, soma mwongozo wa utahini mstari kwa mstari. Angalia urefu unaoruhusiwa, aina ya faili wanayoitaka, na ripoti ina uzito gani kwenye alama. Halafu libane wazo mpaka liingie kwenye sentensi moja: nani, anataka nini, kipi kinamzuia. “Usafiri wa mjini” ni mada tu. “Fundi baiskeli anayetafuta pa kuhamia kabla karakana yake haijabomolewa” ni filamu, kwa sababu unajua ukamrekodi nani, wapi, na lini.

Fomu ya ridhaa isainiwe kabla kamera haijawashwa. Iseme kazi itaonyeshwa wapi na itatumikaje. Mhusika akiwa mtoto, asaini mzazi au mlezi.

Sasa tuje kwenye sauti, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia. Picha yenye giza kidogo hutazamika, lakini mahojiano yasiyosikika hayana dawa. Maikrofoni ya kubana nguoni ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mbali na mkufu au ukosi unaosugua. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24. Zima kipimo cha sauti kinachojirekebisha chenyewe: fundi wetu akinyamaza kufikiri, kinapandisha mngurumo wa chumba, na akianza kusema kinaushusha tena, hadi mahojiano yote yanasikika kama yanapumua. Vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli −12 wala visiguse 0, kwa kuwa hapo wimbi hukatwa kichwa na halirudi kama lilivyokuwa. Vaa hedifoni muda wote, si mwanzoni tu. Kama kuna friji karibu, izime na uache funguo zako ndani yake, usije ukaondoka bila kuiwasha. Mwisho, kabla hamjatawanyika, waombe wote wanyamaze kwa sekunde 60 na urekodi ukimya wa mahali pale. Utautumia kuziba mianya kila unapokata maneno. Bila huo, kila mkato utasikika.

Ukirekodi mahali ambapo umeme ni hezi 50, tumia fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, ya sekunde 1/50. Kwenye hezi 60, tumia fremu 30 na 1/60. Ukikosea, baadhi ya taa zitameta kwenye picha. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe, ndiyo maana sauti hupishana na midomo kadiri klipu inavyosonga. Pitisha faili hizo kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, na uchague kasi ya fremu isiyobadilika, kabla ya kuanza kuhariri.

Hesabu nafasi mapema. Kamera inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde hula gigabaiti 22.5 kwa saa, kwa hiyo saa 10 ni gigabaiti 225. Weka nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Kadi usiifute mpaka umefungua nakala mbili na kuzitazama.

Katika kuhariri, andika kwanza mahojiano yote kwenye karatasi na uchague maneno hapo, ndipo ufungue programu. Mkato wa kwanza ukiwa na dakika 20 usishtuke, ni kawaida. Mwonyeshe msimamizi mapema, ungali mbaya, wakati ushauri wake bado unatekelezeka. Wiki ya 11 ikiisha, funga picha: hakuna kuongeza wala kupunguza hata fremu moja. Ukikata sekunde mbili mwanzoni baada ya kuchanganya sauti, muziki na milio yote inayofuata inaweza kuhama mahali pake.

Kwa muziki, soma leseni yenyewe. Creative Commons BY, mojawapo ya leseni huria, inakuruhusu ukimtaja mwenye kazi. Yenye alama ya ND (usiibadilishe kazi) haifai, kwa kuwa kuuambatanisha wimbo na video huhesabiwa kuwa ni kuubadilisha.

Ripoti haina ugumu ikiwa uliandika daftari kila siku: uliamua nini, kwa nini, kipi kilishindikana. Wiki ya ripoti iwe ya kupanga hayo, si ya kuyakumbuka.

Toa faili la mwisho kwa H.264 (namna ya kubana video), 1920 × 1080, kasi ileile ya fremu uliyohariria, megabiti 20 kwa sekunde. Dakika 10 zitakuwa kama gigabaiti 1.5. Litazame lote, mwanzo hadi mwisho, kwenye kifaa kingine. Mwanya wa fremu moja kati ya klipu mbili huonekana kama mmweko mweusi, na kwenye skrini ndogo ya uhariri ni rahisi kuukosa. Na kama unakabidhi kwa flashi pamoja na faili kuu lisilobanwa sana, iwe imeandaliwa (format) kwa mfumo wa faili wa exFAT. Ile ya FAT32 haipokei faili la gigabaiti 4 au zaidi, na hilo usiligundue mlangoni pa ofisi, zikiwa zimebaki dakika tano.